Uhakiki wa Vikaratasi

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Sijapata kumwona aliyehakiki stakabadhi. Hata hivyo, kwa miaka mingi maandishi yaliyosomwa kwa makini kuliko yote katika nyumba za Usukuma hayakuwa ya Shaaban Robert, wala ya Kezilahabi ambaye ni jirani yetu kwa kuzaliwa Ukerewe. Yalikuwa vikaratasi: stakabadhi ya pamba, kadi ya kibarua, vocha ya mbolea, ukurasa wa daftari la madeni. Nimewaona wazee wasiojua kusoma wakimwita mtoto wa darasa la nne awasomee kikaratasi kimoja jioni tatu mfululizo, kana kwamba huenda maneno yamebadilika usiku. Mwandishi gani hapa nchini amepata msomaji wa namna hiyo?

Maandishi yaliyobeba maisha ya watu kiasi hicho yanastahili kuhakikiwa. Nitayauliza yale ambayo mhakiki huuliza: nani anasema, anamwambia nani, anaahidi nini, na je, anamaanisha?

Kwanza niondoe hoja moja njiani. Watu wengi, hata wasomi, wakisikia habari ya vikaratasi hivi husema kwamba ubaya wake ni kuwa si pesa. Hoja hiyo haina miguu. Noti nayo ni kikaratasi. Ukiipeleka noti ya shilingi elfu kumi Benki Kuu hutapewa dhahabu. Utapewa noti nyingine ya elfu kumi, labda iliyo safi zaidi. Kinachoifanya iwe pesa ni kwamba yule aliyeitoa naye huipokea. Serikali hulipa mishahara kwa noti hizo, na mtoza kodi wa serikali hiyohiyo hawezi kuzikataa. Noti hutoka kwa mlango wa mbele na kurudi kwa mlango wa nyuma, na hapo katikati sisi tunauziana dagaa.

Hapa Mirongo ninapoishi, chenji ikikosekana mwenye duka hukupa pipi, au kiberiti. Wakati fulani nilizikusanya pipi za chenji hata zikafika kumi na mbili, nikaenda nazo dukani kulekule kununua kipande cha sabuni. Mwenye duka, kijana mwungwana ambaye hapitishi asubuhi bila kuniamkia, alicheka mpaka akaegemea kaunta. "Mzee wangu," akasema, "hizo zikishatoka hazirudi." Sabuni alinipa kwa mkopo. Lakini alikuwa amekwisha nipa nadharia nzima ya jambo hili. Pipi ni pesa inapotoka kwake kuja kwangu; inapotoka kwangu kwenda kwake ni pipi.

Ukitazama historia kwa jicho la kijana yule, mambo mengi yanajipanga. Ng'ambo ya ziwa, Buganda, simbi za baharini zilikuwa fedha hasa, na hadi leo Mganda akisema *ensimbi* anamaanisha fedha. Pigo lao kubwa lilikuja mwaka 1901, serikali ya Waingereza ilipoacha kuzipokea kwa kodi. Huku kwetu kusini mwa ziwa jembe la chuma, lililofuliwa na Warongo wa Usinza, lilikuwa mahari na lilikuwa akiba. Lakini jembe lilikuwa na heri moja ambayo vikaratasi havina: likikataliwa na muuzaji, mwenye nalo alirudi nyumbani akalimia.

Wajerumani walilielewa jambo hili vizuri sana. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, watu waliruhusiwa kulipa kwa mazao au kwa kazi. Mwaka 1904 rupia ikagawanywa upya, badala ya pesa 64 ikawa na Heller 100. Neno hilo tukalitafuna likawa hela, na Wajerumani wameondoka lakini hela tunayo. Mwaka 1905 ikaja kodi ya rupia 3 kwa kila mwanamume, itolewe taslimu, na asiye nazo afanye kazi. Watu hawakuipenda rupia kwa uzuri wa picha ya Kaisari. Waliitafuta kwa sababu mtu aliyeitoa alikuja mlangoni kuidai.

Halafu vita ikawafunulia wao wenyewe upande wa pili. Manowari za Uingereza zilipowakatia njia ya bahari, waliishiwa na pesa za kuwalipa askari na vibarua. Kuanzia mwaka 1915 walichapa noti za muda hapahapa nchini, baadhi yake kwa karatasi duni ya kufungia vitu. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kuwa kiwanda cha sarafu: sarafu za Heller 5 na 20, na juu yake sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, 16,198 kwa idadi, kwa dhahabu ya Sekenke. Mwaka 1917, wakiwa porini wanakimbizwa, waligonga noti kwa mihuri ya mpira. Mwanza ilikuwa imekwisha tekwa Julai 1916, na Tabora Septemba. Tembo wa Tabora leo anagombaniwa na wakusanyaji wa sarafu Ulaya, kwa kuwa ni dhahabu. Mzee wa Unyanyembe aliyeuza mtama wake kwa noti ya karatasi alibaki ameshika ahadi ya mtu aliyeondoka.

Sitakaa sana kwenye kipande, maana wengine wamekieleza. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal, Lushoto ya leo, ilianza mtindo wa kumpa kila mwanamume kadi ya kuonyesha kwamba amemfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Baadaye katika mashamba ya mkonge, ambako Wasukuma na Wanyamwezi wengi walikwenda kuwa manamba, kadi ya siku 30 ikawa ndiyo kalenda ya maisha: ikijaa ulipwe, isipojaa ungoje. Siku ambayo nyapara hakuridhika nayo haikutiwa alama. Kama maandishi, kipande kina mwandishi mmoja na mhusika mmoja, na mhusika hana mstari hata mmoja wa kusema. Pembeni yake kulikuwa na posho, unga wa kila siku uliohesabiwa kuwa sehemu ya ujira. Ni ajabu jinsi neno lilivyosafiri: posho iliyokuwa kibaba cha unga cha kibarua leo ni bahasha ya mheshimiwa aliyeketi kwenye kikao.

Kuna sheria moja ya wakati huo isiyokumbukwa sana, nayo naiona kuwa ufunguo. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia kuwakopesha wenyeji. Asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila kibali, hakuweza kumdai mahakamani. Ilisemekana ni kwa ajili ya kumlinda mwenyeji asiingie kwenye madeni asiyoyaelewa. Matokeo yake ni kwamba mkulima wa pamba hakuweza kukopa kwa maandishi. Angeweza kukopa kwa uso wake tu. Msomaji akumbuke hilo, kwa sababu sasa naingia kwenye pamba.

Vyama vya pamba vya Usukuma vilizaliwa kutokana na hasira ya mizani. Wakulima waliona wanapunjwa kilo na wanunuzi, wakaanza kujipimia wenyewe, na kufikia mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika Victoria Federation chini ya uongozi wa akina Paul Bomani. Ilikuwa kazi kubwa, na sina nia ya kuidharau. Lakini vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na vilivyorudi vilikuwa na madeni na mabwana wengi. Miaka ya mwisho ya themanini na mwanzoni mwa tisini, mahali pengi nchini, mkulima alileta mazao akaondoka na karatasi. Katika nchi ambayo mwenyeji aliwahi kuzuiwa kukopa, sasa alilazimishwa kukopesha.

Lugha yetu ililiona hilo mapema kuliko wachumi. Watu wa huku hawakusema "tumewakopesha pamba". Walisema "tumekopwa". Kukopwa! Mwenye kukopesha anatenda: anapima, anafikiri, anakubali au anakataa. Mwenye kukopwa anatendwa, kama anayeibwa au anayepigwa. Katika kitenzi hicho kimoja cha kutendwa kuna hoja yote ya mwandiko huu, na waliokitunga walikuwa wakulima waliosimama kwenye foleni ya mzani.

Marehemu mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Sitataja kijiji wala chama. Alikuwa na stakabadhi za misimu miwili ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, na mimi, kwa kuwa nilikaa mjini na nilijua hesabu, ndiye niliyepelekewa kuzisoma. Nilizisoma kama mhakiki asomavyo. Kulikuwa na jina la mjomba, limekosewa. Kulikuwa na kilo, daraja la pamba, bei, jumla, sahihi isiyosomeka, na muhuri. Hapakuwa na tarehe ya kulipa. Hapakuwa na neno kuhusu itakavyokuwa malipo yakichelewa, ingawa shilingi za miaka ile ziliyeyuka kama barafu ya samaki. Pesa ambazo msimu huu zingenunua baiskeli, baada ya misimu miwili zingenunua tairi. Na cha ajabu zaidi, hapakuwa na anayeahidi. Karatasi ilisema pamba imepokelewa. Haikusema nani atalipa. Mkulima aliyesaini kwa dole gumba alikuwa ametajwa. Aliyechukua pamba alikuwa muhuri.

Mwaka huohuo mjomba alidaiwa kodi ya maendeleo. Wanaokumbuka kodi ile, iliyofutwa mwaka 2003, wanakumbuka pia mgambo na mtindo wake wa kuja alfajiri. Mjomba aliwaonyesha stakabadhi. Jumla yake ingelipa kodi hiyo kwa miaka mingi na chenji ikabaki. Mgambo hakuwa mtu mbaya, alizishika, akazigeuza, akamrudishia kwa mikono miwili, kisha akamwambia, "Babu, hii siwezi kuiandikia risiti." Mjomba alilala kwa mkwe wake siku nne kukwepa msako. Yaani mtu anayeidai nchi alijificha asikamatwe kwa kudaiwa na nchi, na ushahidi wa deni moja haukukubalika dhidi ya lingine. Hapo ndipo nilipomwelewa kijana wa pipi kabla hajazaliwa.

Baadaye alizileta stakabadhi Mirongo. Palikuwa na mwenye duka mmoja aliyekubali kuzishika rehani, kwa nusu ya kilichoandikwa. Mjomba alitaka sare ya shule ya mabinti wawili na pampu ya baiskeli. Wengi walimlaani mwenye duka yule kuwa mnyonyaji. Mimi siwezi kumlaani kwa moyo mkunjufu. Katika watu wote walioishika karatasi ile, ndiye peke yake aliyekubali kuwa ina thamani yoyote. Kama yeye alikuwa na dhambi, ilikuwa ya nusu. Nusu ya kwanza ilikuwa imekwisha kuliwa kabla mjomba hajavuka daraja la Mto Mirongo.

Vocha za pembejeo zilizoanza mwaka 2008 zilikuwa maandishi bora kidogo, maana zilisema wazi zinanunua nini: mbolea na mbegu. Serikali ililipa karibu nusu ya bei, mkulima aongeze iliyobaki. Kasoro yake ilikuwa ndani ya sentensi hiyo ya pili. Ilikuwa karatasi inayohitaji pesa ili iwe pesa. Asiye na cha kuongezea alimsainia wakala vocha kwa shilingi chache akaenda kununua unga, na wakala akaipeleka benki kwa thamani yake kamili. Nikiilinganisha na Hati Punguzo ya vyandarua, waliyopewa akina mama wajawazito kuanzia mwaka 2004, naona hii ya pili ilitungwa na mtu aliyewajua wasomaji wake: kitu kimoja, na hatimaye nyongeza ndogo ya shilingi 500 iliyojulikana mapema. Si kila kikaratasi ni kibaya.

Na hilo ndilo linalonifanya nisikubaliane na wale wanaosema kila kitu kilipwe taslimu na mambo yaishe. Wangeshinda siku moja tu hapa Mirongo wangeona kwamba nusu ya mji huu ingelala njaa. Mama ntilie ana daftari la kurasa za mraba. Msimamizi wa mafundi humwambia asubuhi, "Leo wako tisa," naye huweka alama tisa, na Jumamosi wanahesabiana. Wafanyabiashara wa Ukerewe na Ukara hushuka melini, huchukua khanga, sabuni na betri kwa mali kauli, hupanda meli, na fedha hufuata wiki mbili baadaye. Mali kauli haina karatasi kabisa. Ni neno la mtu mmoja juu ya neno la mwingine, nami sijui lugha nyingine iliyoupa mkopo jina zuri kuliko hilo.

Kwa nini kauli isiyoandikwa inaaminika na stakabadhi yenye muhuri haiaminiki? Jibu la haraka ni kwamba watu wanajuana. Ni kweli lakini haitoshi. Mjomba alimjua katibu wa chama tangu wakichunga pamoja. Tofauti ninayoiona ni kwamba mwenye duka anaweza kukataa. Anaweza kumwambia yule wa Ukara, "Ndugu yangu, safari hii lete kwanza ya zamani." Na yule wa Ukara anaweza kwenda duka la pili. Mama ntilie akichelewesewa Jumamosi, Jumatatu hapiki kwa ajili ya mafundi hao, na msimamizi anajua. Mkulima wa pamba hakuwa na la kukataa. Mnunuzi alikuwa mmoja, pamba hailiwi, na huwezi kuiweka ndani ukingoje mwaka wa kumi. Wavuvi wa sangara nao wako karibu na hali hiyo: aliyepewa nyavu na mashine ya mtumbwi na wakala wa kiwanda humlipa kwa samaki, na bei ya samaki hao hutajwa na aliyemkopesha.

Uwezo wa kukataa ukiwepo, watu hufanya maajabu. Zaire ilipotoa noti mpya mwaka 1993, watu wa Kasai walizikataa wakaendelea kutumia zile kuukuu, zilizochakaa, ambazo serikali ilikuwa imezitupa. Wao ndio waliozifanya pesa kwa kuzipokea. Mwaka 2013 wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Bangladesh, Mombasa, walitengeneza vocha zao wakaziita Bangla-Pesa. Muuza mboga alimlipa kinyozi, kinyozi akamlipa muuza maji, siku ambazo shilingi hazikupatikana. Kila aliyezitoa alikuwa ameahidi pia kuzipokea. Katika muda wa wiki chache watu sita walikamatwa na kushtakiwa, kana kwamba wameghushi fedha, ingawa miezi michache baadaye mashtaka yaliondolewa. Nawaza: hapakuwa na mkulima aliyewahi kuona mtu akipelekwa mahakamani kwa kosa la kutoa stakabadhi ya pamba isiyolipwa. Karatasi ya wanyonge waliokubaliana ilitiliwa shaka kwa wiki chache tu. Karatasi ya wenye nguvu ilitembea miaka.

Wala hadithi haijaisha. Katika korosho, mtindo wa stakabadhi ghalani uliowekwa kwa sheria ya 2005 ulimlipa mkulima kwa awamu, na Aprili 2013 Liwale iliwaka moto wakulima walipoambiwa malipo ya pili yatapungua. Na kwetu, mwaka 2019, bei ya pamba duniani ilipoanguka huku bei elekezi ikiwa shilingi 1,200 kwa kilo, wanunuzi hawakuwa na fedha za kutosha. Simiyu, Shinyanga na hapa Mwanza watu walikopwa tena, wakangoja miezi. Deni la mkulima kwa mbegu na dawa hukatwa kwenye bei palepale penye mzani. Deni la mnunuzi ndilo lenye subira.

Nimekiona kimoja cha vikaratasi vya msimu ule. Kimeandikwa vizuri kuliko vya mjomba, na jina la mkulima halijakosewa. Kama ningepewa kalamu ya mhariri ningekiongezea mambo matatu: tarehe ya mwisho ya kulipa, nyongeza kwa kila mwezi utakaopita baada ya tarehe hiyo, na ahadi kwamba mnunuzi mwenyewe ataipokea karatasi hii, kwa thamani yake yote, kuwa malipo ya mbegu na dawa za msimu ujao, na halmashauri kuwa malipo ya ushuru wowote. Nafasi ipo, nyuma yake ni patupu. Nilimweleza hayo mhasibu mmoja mstaafu tukiwa tunakunywa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hakuna mnunuzi atakayekubali kusaini karatasi ya namna hiyo. Nikamwambia basi asipewe pamba.